Kulala usiku kwenye loji za ndani ya zuu na watoto wadogo, mliowahi kwenda naombeni ukweli wenu

Mama_Wawili

Habari zenu wadau. Mimi na baba watoto tunataka kuwapeleka wanetu wakalale usiku mmoja kwenye zile loji zilizo ndani kabisa ya bustani ya wanyama, zile chumba kimepambwa kama pango au kambi ya msituni halafu ukuta mmoja wote ni kioo na ng'ambo ya kioo kuna mbwa mwitu, dubu au simba. Mkubwa ana miaka 8, anajua wanyama kuliko sisi wote nyumbani. Mdogo ana 4 na huyu ndo anayenipa mawazo, radi ikipiga tu anahamia kitandani kwetu. Picha za mtandaoni nimeziona, mtoto na nguo zake za kulalia, simba kaweka pua kwenye kioo, ila picha ni picha jamani. Je ni kweli unawaona hao wanyama au unalipia kioo chenye majani nyuma yake? Mdogo atalala kweli? Na mkubwa kaniuliza swali nikakosa jibu, eti mama, sisi tukiwa pale usiku tukiwasha taa, simba atalala saa ngapi? Naomba mnijibu na hilo, maana sitaki tuende kufurahia kitu kinachomtesa mnyama.

Banda_la_Kulalia

Dada karibu. Nimefanya kazi ya utunzaji wa wanyama wakubwa walao nyama kwa muda mrefu kwa hiyo naongea kama mtu wa ndani. Kabla hujabuku piga simu uulize swali moja tu, mnyama wa chumba changu usiku anakuwa wapi? Watu huuliza kitanda kina ukubwa gani, bafu liko vipi, hilo la mnyama hawaulizi, na ndo linaloamua kama utaona kitu. Bustani nyingi jioni zinawaingiza simba, chui milia na dubu kwenye mabanda ya kulalia, geti linafungwa, mtunzaji anahesabu, anaondoka. Ni utaratibu wa usalama na wala si mbaya. Sasa kama kioo chako kinatazama uwanja wa nje na mnyama ameingizwa ndani, basi kuanzia jioni mpaka watunzaji warudi asubuhi unatazama nyasi. Loji zilizojengwa vizuri zimelifikiria hilo toka mwanzo, ama mnyama anaachwa huru kutoka na kuingia usiku kucha, ama kioo kinatazama sehemu anayopenda kupumzika, kwa mfano jiwe lenye joto au jukwaa la mbao karibu na dirisha. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka ujue hapo pana shida.

La pili ni muda. Simba anaweza kupumzika mpaka saa 20 kwa siku, sasa ukifika mchana kweupe ukamkuta kalala chali usiseme umedhulumiwa, huyo ni simba mwenye afya. Nyakati zenu nzuri ni mbili, jua linapozama na kunapopambazuka. Jioni baridi ikianza kuingia wanaamka, wanajinyoosha, wanazunguka mipaka yao wakinusa na kuweka alama, na hapo ndo unasikia ngurumo. Ngurumo ya simba hewa ikiwa imetulia inasikika mpaka kilomita 8, we utakuwa hatua chache tu kutoka kwake kwa hiyo hata kupitia kioo utaihisi inatetema kifuani mwako. Kwa hiyo msiende kula mbali jioni, kuleni mapema mkae dirishani. Na asubuhi waamshe watoto giza likiwa bado lipo kidogo, bustani haijafunguliwa, hakuna kelele za umati, mnyama anatembea kwa starehe zake. Kwangu mimi huo muda mfupi wa alfajiri ina thamani kuliko usiku mzima uliobaki.

Kuhusu swali la mwanao mkubwa, mpe pongezi, nitalijibu nikipata nafasi maana linahitaji maelezo.

Baba_Pacha

Mama Wawili hongera kwa kufikiria kitu kama hiki. Sisi tulilala jirani na mbwa mwitu wale wa kijivu (wolf), tukiwa na pacha wetu wa miaka 5. Nakushauri kwa huyo mdogo usichague simba, kwa nini, ngurumo ya simba inakuja ghafla na ni nzito, mtoto anayeogopa radi ataiona ni radi ileile. Mbwa mwitu sauti yao inaanza mmoja taratibu, mwingine anadakia, mpaka kundi zima, kwa hiyo mtoto anakuwa na muda wa kuzoea na kuelewa ni kina nani. Sisi tuliwasikilizisha nyumbani zile sauti kwenye simu kwa siku kadhaa kabla, tukawaeleza kwamba wanaitana wajue kila mtu yuko wapi, kama mama anavyoita watoto waingie ndani. Usiku wenyewe walipoanza, wa kike akakaa kitandani akasema "wanahesabiana", akalala tena. Wa kiume alitaka taa, tukaweka tochi ndogo chini ya shuka mbali na dirisha na mapazia tukayafunga upande wake. Hilo la mapazia uliza pia, kuna vyumba vina kioo bila pazia na mtoto mwingine hawezi kulala akijua giza linamtazama.

Kingine, ukiweza chagua chumba ambacho kitanda cha watoto hakijagusana na kioo. Picha zinapendeza kitanda kikiwa palepale kwenye kioo lakini mtoto akigeuka usingizini akutane na macho... wa kwako wa 8 atafurahi, wa 4 sidhani.

Nyika_Wazi

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya. Mnyama wa porini mahali pake ni porini. Sasa umemfungia, mchana anatazamwa na maelfu, halafu usiku ambao angepumzika na macho ya watu tunamwekea chumba cha mgeni mlangoni. Watoto wetu tunawafundisha nini hapo, kwamba simba ni pambo la chumba? Mama Wawili mtoto wako kauliza swali la maana kuliko sisi wote humu, msikilize.

Banda_la_Kulalia

Nyika Wazi hoja yako naiheshimu, tena kuna sehemu ninazozijua ningekuunga mkono kabisa. Ila si zote ziko sawa, na kuzitofautisha inawezekana kwa macho tu.

Angalia kwanza kama mnyama ana mahali pa kukukwepa. Uwanja mzuri una vichaka, miinuko, mapango, banda la nyuma, na mnyama akiamua leo sitaki kuonekana na mtu anaenda huko na hakuna mfanyakazi atakayemsukuma arudi kwenye kioo chako. Maana yake hakuna anayeweza kukuhakikishia kumwona. Nikisikia loji inatangaza "utamwona asilimia mia" mimi ndo naanza kuogopa, kwa sababu njia ya kuhakikisha hivyo ni kumnyima pa kujificha au kumnyima chakula mpaka afike dirishani. Pili mwanga. Taa za nje ziwe hafifu na zitazame chini, za chumbani ziweze kupunguzwa, na usiku ukifika wageni wote waelekezwe kuzima. Hapo ndo jibu la mwanao, mwambie simba analala na kuamka kwa ratiba yake mwenyewe kama nyumba imejengwa hivyo, na kazi yetu sisi wageni ni taa kuzima na kuongea taratibu. Tatu, uliza bustani ni mwanachama wa chama gani. Ulaya kuna EAZA, Marekani AZA, na WAZA ni wa dunia nzima. Uanachama haumaanishi hakuna kasoro hata moja lakini wanakaguliwa na wana viwango vya kufuata, tofauti na mtu aliyenunua chui milia akajenga vyumba kumzunguka.

La nne, hili halina mjadala, ukikuta wanatoa watoto wa simba au wa chui milia mshike mpige picha, ondokeni. Hao hunyang'anywa mama zao mapema, na wakikua hawana tena kazi ya kufanya. Bustani inayojiheshimu haifanyi hivyo.

Nyika_Wazi

Nashukuru kwa majibu ya kiungwana. Hilo la pa kujificha nakubaliana nalo. Bado moyo wangu uko porini lakini angalau mtu anayeenda aende anajua cha kutazama.

Safiri_na_Wanao

Kwa anayetaka kujua sehemu zenyewe zilivyo maana zinatofautiana sana. Pairi Daiza kule Brugelette, Ubelgiji, wana vyumba vya aina nyingi, kuna ambavyo kioo kiko chini ya maji unalala walrasi (wanyama wakubwa wa bahari ya baridi wenye pembe mbili ndefu mdomoni) wanapita wakiogelea, na vingine vya dubu na mbwa mwitu. Hivyo vya maji mimi naona ndo vizuri kwa watoto waoga, mnyama mkubwa ila anapita tu majini taratibu. Port Lympne ya Kent, Uingereza, ile ni shamba kubwa alilonunua John Aspinall mwaka 1973, wana loji za chui milia, dubu na mbwa mwitu. Canberra kuna Jamala ilifunguliwa 2014 ndani ya zuu iitwayo National Zoo & Aquarium pale Australia. Sydney, Taronga wana aina mbili, mahema ya Roar and Snore ambayo unatembezwa usiku na watunzaji, na hoteli yao iliyofunguliwa 2019 ambayo imejikita kwenye wanyama wa Australia wenyewe. Halafu kuna Giraffe Manor ya Nairobi, ile nyumba ilijengwa miaka ya 1930, twiga wanaingiza vichwa dirishani asubuhi mkiwa mezani. Ile si zuu ya vizimba, twiga wanazunguka kwenye ardhi yenye msitu na wakitaka wanakuja wasipotaka hawaji, na hata Nyika Wazi nadhani pale angekaa.

Cha kuzingatia ni masharti ya umri. Sehemu nyingine hazipokei watoto chini ya umri fulani kwenye vyumba fulani, nyingine zinapokea ila haziruhusu kushiriki kulisha wanyama. Someni kabla mtoto hajaambiwa, maana kumwambia mtoto halafu kumnyima ni kazi. Na msimu. Dubu wa kahawia kwenye nchi za baridi hupunguza sana shughuli zao majira ya baridi, wengine wanalala wiki kwa wiki, ukienda wakati huo unaweza usimwone kabisa. Mbwa mwitu ni kinyume, baridi ndo raha yao, manyoya mazito na wanacheza kwenye theluji.

Mama_Wawili

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Nimeshamwambia mkubwa jibu la swali lake na ameanza kufanya mazoezi ya kuongea kwa kunong'ona 😊 Baba Pacha hilo la sauti tumeanza leo, mdogo kauliza kama na sisi tuwajibu. Tumeamua mbwa mwitu. Maswali mawili ya mwisho, tutaenda na wifi yangu ni mjamzito, kuna shida? Na kuna kuwalisha mbuzi na kondoo asubuhi, kuna hatari yoyote kwa watoto?

Nesi_wa_Watoto

Kulala chumbani na kutazama kupitia kioo wifi hana shida, ila kwenye mbuzi na kondoo asikanyage, hasa msimu wa kuzaa. Kondoo na mbuzi wanaozaa wanaweza kubeba vimelea vinavyosababisha mimba kuharibika, na asiguse hata viatu au nguo za mliotoka bandani huko, kila mtu avue nje ya chumba.

Kwa watoto, huyo wa miaka 4 ndo wa kumwangalia kwa karibu. Walio chini ya miaka 5 wakipata bakteria kama ile E. koli ya mifugo wanaweza kuumwa vibaya mpaka figo zikaguswa, na mbuzi mwenye bakteria hiyo anaonekana mzima kabisa. Dawa yake ni sabuni na maji ya bomba, mikono yote miwili mpaka kwenye viganja na kati ya vidole, mara tu baada ya kutoka bandani na kabla ya kugusa chochote cha kula. Sanitaiza beba kwa dharura lakini usiitegemee, kuna vimelea haiviui na mikono ikiwa na uchafu inafanya kazi vibaya. Chupa ya maji, chuchu, mwanasesere, vyote vibaki nje ya banda. Mtoto anayenyonya kidole mwambie mapema au mpe kazi ya kushika ndoo kwa mikono miwili. Kuwalisha si vibaya hata kidogo, watoto wanajifunza upole hapo, ila sabuni kwanza chai baadaye.

Banda_la_Kulalia

Nesi kamaliza. Niongeze la kwenye kioo maana limesahaulika. Kile kioo ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, hakivunjwi na mtoto, lakini watoto wasikigonge, kwa mnyama ni kama mtu anayekupigia ukuta wa chumbani. Fleshi zima kwenye simu zote kabla ya kuingia, ikirudi kwenye kioo hata picha yenyewe inaharibika. Na kama siku nyingine mtachagua paka wakubwa, mdogo asikimbie mbele ya kioo wala asikae amekipa mgongo, wale wakiona kitu kidogo kinakimbia au kimegeuka wananyemelea, ndivyo walivyoumbwa, na mtoto akigeuka akamkuta amejikunja kuruka ataogopa usiku mzima. Wakae chini, watulie, wamtazame. Mbwa mwitu wenyewe wana udadisi, mkikaa kimya jioni kwa muda wa kutosha mara nyingi mmoja anakuja kunusa kwanza, wengine wanamfuata.

Mama_Wawili

Nimepiga simu leo asubuhi nikauliza lile swali lako. Wamesema mbwa mwitu wanakaa nje usiku wote, wana kichaka na mashimo nyuma, na hawawezi kuahidi kwamba tutawaona. Tumelipia.