Je, Molly Williams achorwe kwenye ukuta wa zimamoto Mwanza?

Mtoa hoja:

Ndugu zangu wa Mwanza, naleta hapa hoja ambayo imezua ubishi mtaani kwetu: je, ukuta wa kituo cha zimamoto hapa mjini uchorwe picha kubwa ya Molly Williams, mwanamke mweusi wa New York anayetajwa kuwa mzimamoto wa kwanza mwanamke nchini Marekani? Wapo wanaosema fedha za kuchora picha hiyo zinunue mipira ya maji, na wapo wanaosema mtu wa mbali namna hiyo hatuhusu. Mimi naunga mkono achorwe.

Molly alikuwa mtumwa wa mfanyabiashara Benjamin Aymar, mwanachama wa kikosi cha wazimamoto wa kujitolea kilichoitwa Oceanus, namba 11. Enzi hizo mtambo wa kuzimia moto haukuwa na injini. Watu waliukokota kwa kamba hadi penye moto, kisha wakapampu maji kwa mikono. Wakati wa dhoruba ya theluji ya mwaka 1818, wanaume wengi wa kikosi wakiwa wagonjwa, Molly aliishika kamba akiwa na gauni na aproni yake ya kazi za nyumbani, akasaidia kuukokota mtambo ule hadi kwenye moto. Idara ya zimamoto ya New York ilikuja kuajiri wanawake mwaka 1982, ikiwa imepita miaka 164.

Mnaniuliza Mwanza inaingiaje. Aliyeshuhudia nyumba ikiungua juu ya mawe ya Mabatini au Igogo anajua kwamba gari la zimamoto hufika chini ya mlima na kusimama hapo. Kuanzia hapo askari huunga mpira kipande kwa kipande na kuupandisha begani kwenye vijia vya ngazi, kati ya jabali na ukuta wa jirani, mahali ambapo watu wawili hawapishani bila mmoja kujibanza, huku majirani wakipokezana ndoo za maji na mchanga. Kazi aliyoifanya Molly bado inafanyika hapa kwetu.

Mchangiaji:

Ndugu mtoa hoja, nakuheshimu, lakini katika hili sikubaliani nawe. Mtumwa akiukokota mtambo wa kikosi cha bwana wake atawafundisha nini watoto wetu, zaidi ya utii? Isitoshe, mwaka 1818 kamera hazikuwapo, kwa hiyo sura mtakayoichora itakuwa ya kubuni. Tena tunao mashujaa wetu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha, wavuvi walikimbilia kuwaokoa abiria kwa mitumbwi yao. Kwa nini tusianze na hao?

Mtoa hoja:

Ahsante, ndugu yangu. Wavuvi wa Bukoba wanastahili, na siku wakichorwa nitachangia. Hata hivyo, mmoja wao, Majaliwa Jackson, alitajwa nchi nzima na serikali ikamwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hoja yangu inamhusu mtu aliyefanya kazi kama hiyo akapitwa.

Suala la utumwa ndilo zito, na nakushukuru kwa kuligusa. Utumwa ulikomeshwa New York tarehe 4 Julai 1827, maana yake usiku na mchana wa dhoruba ile Molly hakuwa na haki ya kukataa agizo lolote. Hatuwezi kumsifu kwa kujitolea kana kwamba alikuwa huru kama wanaume wa kikosi chake. Jambo hilo lisifichwe, na sisi ambao misafara ya watumwa ilipita katika nchi yetu, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, hatuna sababu ya kuona haya kuliandika. Kwa hiyo napinga kabisa achorwe akitabasamu. Achorwe ameinama, kamba begani, miguu imezama kwenye theluji, na maandishi ya chini yaseme waziwazi kwamba alikuwa mtumwa, yamtaje aliyemmiliki, na yaeleze kwamba sura hiyo ni ya kubuniwa na mchoraji. Mtoto akisoma hayo hatajifunza utii; atauliza kwa nini mtu mwenye nguvu na moyo wa namna hiyo alimilikiwa na mtu mwingine.

Kuhusu sura, kwa kawaida watu wa hali yake hawakukalishwa mbele ya wachoraji. Waliokalishwa ni mabwana zao. Tukishika kanuni kwamba asiyeacha picha asichorwe, kuta zote tutakuwa tumewaachia waliokuwa na uwezo wa kumlipa mchoraji.

Fedha nazo zina jibu. Isitoke hata shilingi moja katika fungu la vifaa vya zimamoto. Rangi na ujira wa fundi vitokane na michango ya wananchi, la sivyo mimi mwenyewe nitaiondoa hoja hii. Na pembeni ya picha iandikwe kwa tarakimu kubwa namba ya dharura ya zimamoto, 114, ili anayepita aondoke nayo kichwani.

Lililobaki ni nani akae mbele ya mchoraji ili sura hiyo ipatikane. Napendekeza awe askari mwanamke wa zimamoto, kwa ridhaa yake mwenyewe. Mwenye pendekezo lingine alilete tulijadili.