Mkutano wa shehia kuhusu bajeti ya manispaa, kuna faida ya kwenda?

Bint_Ngambo
Asalaam alaykum jamani, nnaomba ushauri. Huku kwetu Zanzibar sheha, yaani mkuu wa shehia yetu, kapita mtaani jana anatangaza mkutano Jumamosi saa kumi jioni hapo skuli, wananchi tuseme tunataka nini kitangulizwe kwenye bajeti ya manispaa ya mwaka ujao. Mimi nataka kwenda ila mume wangu kashaniambia nyie mnaitwa kusaini karatasi ya mahudhurio tu, bajeti wenyewe wanayo. Na siwezi kumlaumu kwa sababu miaka mitatu nyuma nilikwenda, tukasema mtaro, katibu akaandika kwenye daftari, mpaka leo kimya. Nyuma ya nyumba yetu mtaro uko wazi, tumetupia mlango wa zamani ndio daraja, hata bawaba zake bado zipo, na watoto wa chuo cha Kurani wanapita hapo juu na juzuu kifuani. Masika ikija ule mlango unaelea na wanangu nawabeba mgongoni mmoja mmoja. Sasa niende tena nikaseme maneno yale yale? Kwengine wanafanyaje mpaka yakasikilizwa?

Mzee wa Wadi
Waalaykum salaam mwanangu. Nenda, tena usiende peke yako.
Mimi nimekaa kwenye kamati ya shehia miaka sita, nakwambia nilichokiona. Watu wakija mkutanoni wanataja kila kitu, maji, umeme, skuli, barabara, taa, jaa la taka, mwisho orodha ina vitu kumi na nane. Maji hayo ni ya ZAWA, mamlaka ya maji, umeme ni ZECO, shirika la umeme, barabara kubwa iko wizarani, manispaa haiwezi kukufanyia hata ikipenda. Halafu orodha ikiwa ndefu hivo anayepanga anachukua anachokitaka yeye na anasema wananchi wameomba, na kweli mmeomba. Nyie simamieni kitu kimoja au viwili vilivyomo mikononi mwa manispaa, na mtaro wa ndani ya mtaa ni miongoni mwa hivo.
La pili, ulizeni pesa. Katika miaka yangu yote sita sikumsikia mtu hata mmoja akisimama kuuliza wadi yetu imetengewa shilingi ngapi. Bila ya hiyo namba nyinyi mnaomba dua tu. Mkiijua namba mtaanza kushindanisha, mtaro huu mita ngapi, taa ngapi, kipi kisubiri.
Na angalia kalenda, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani wanaijadili bajeti ya Serikali Mei na Juni. Mkutano wa kuuliza wananchi ukiitwa Aprili ujue chungu kishateremshwa jikoni. Jengine, mkumbuke sheha anateuliwa, hakupigiwa kura, mliyempigia kura ni diwani. Diwani awepo Jumamosi, na kama hayupo muulizeni sheha kwanini hayupo.

Chake_Kwetu
Mzee kasema kweli ila mimi naongeza jambo moja ambalo linaniuma sana. Saa kumi jioni nani anakwenda mkutanoni? Kwetu Pemba mkutano uliitwa wakati kama huo huo, kina mama wako jikoni au pwani, waliofika ni wanaume wa barazani, wakakubaliana kuzungushia ukuta uwanja wa mpira. Mpira naupenda, lakini hapo hapo kina mama wanaanika dagaa chini kwenye mchanga kwa sababu vichanja vimeoza, mvua ikinyesha ghafla mzigo wa siku nzima umeharibika na mkopo wa kikundi uko pale pale unadai. Wangeulizwa wao wangesema vichanja, na sidhani kama vingefika hata nusu ya gharama ya ule ukuta. Kwa hiyo bint, mwombe sheha wakati ubadilishwe, au kina mama mkae wenyewe kwanza kabla ya Jumamosi, mje na neno moja.

Mswahili Ughaibuni
Kwengine wanafanyaje, hapo naweza kusaidia kidogo. Jambo hili la wananchi kupanga bajeti lilianzia Brazil, mji wa Porto Alegre mwaka 1989, chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeshinda umeya na mitaa ya pembezoni haina maji wala mifereji, wakaugawa mji kanda 16, kila kanda watu wanakutana, wanapiga kura vitu vyao vya mbele na wanachagua wawakilishi wao wa kukaa na mji kugawa pesa. Ila uzuri wenyewe haukuwa mikutano, ulikuwa vipimo, mtaa wenye upungufu mkubwa na watu wengi unapata alama nyingi, basi mwenye sauti kubwa hawezi kumzidi mwenye shida kubwa, na mwaka unaofuata mji unarudi mbele yao kueleza kilichofanyika na kilichokwama. Kwa hesabu za Benki ya Dunia nyumba zilizounganishwa na maji na mifereji zilitoka asilimia 75 mwaka 1988 zikafika 98 mwaka 1997. Paris nao walianza 2014, wakatenga asilimia 5 ya bajeti yao ya uwekezaji, mkaazi yeyote anapiga kura hata kama si raia.
Lakini nisiwapambie, Porto Alegre penyewe chama kile kiliposhindwa uchaguzi wa 2004 utaratibu ukaanza kudhoofika. Meya anayeutaka akiondoka unaweza kuondoka naye, ndio maana ni bora watu wawe na maandishi yao.

Mzee wa Wadi
Ahsante kijana. Hapo kwenye kurudi kueleza ndipo sisi tulipokosea. Daftari la katibu lipo bint, ombeni lisomwe la miaka mitatu nyuma, mbele ya watu wote, kabla hamjaanza kuomba vipya.

Bint_Ngambo
Mungu awalipe kheri. Leo baada ya alasiri nimepita nyumba tisa, kina mama saba wamekubali tukutane kwangu Ijumaa usiku, na kijana mmoja fundi ujenzi katupimia ule mtaro kwa futi kamba, mita 64 kutoka kona ya msikiti mpaka barabarani, keshokutwa atatupa hesabu ya saruji na mifuniko. Sheha nimemfuata kwake nikamuomba mkutano uwe saa mbili asubuhi, kasema atauliza. Na daftari nimemwambia alete. Katikisa kichwa tu hakunijibu, lakini Jumamosi ntamuuliza tena mbele za watu.