Leaf, Bolt, Kona au Model 3 iliyotumika kwa winta ya Winnipeg? Nisaidieni kulinganisha

mama_neema_wpg
Habari zenu ndugu zangu. Mimi nipo Winnipeg mwaka wa nne sasa, nahudumia wazee majumbani, kwa siku naingia nyumba sita mpaka nane, kila moja nakaa kama dakika 45 halafu naenda nyingine, jumla kilomita 60 hivi. Mara moja kwa mwezi naenda Brandon kwa mdogo wangu, kama kilomita 215 kwenda tu. Gari yangu ya petroli imechoka nataka kuhamia umeme. Nimeona nne zilizotumika ambazo naweza kuzimudu: Leaf ya 2019 betri ya 40 kWh (kiasi cha umeme inachobeba), Bolt ya 2020 yenye 66, Kona ya 2020 yenye 64, na Model 3 ya 2021. Kwenye karatasi Leaf inaenda kilomita 243, hizo zingine zote zinapita 400. Lakini hapa Januari tunashuka mpaka digrii 30 chini ya sifuri, na kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema utapoteza robo ya umbali, mwingine anasema nusu. Nani mkweli? Naishi apatimenti, parking ina ile soketi ya kuchomeka hita ya injini, ile ya kuzuia injini ya petroli isigande usiku.

baharia_tromso
Dada, wote wawili wakweli, inategemea unavyoendesha. Huku Norway chama cha madereva NAF na jarida la Motor wanafanya jaribio kila winta, magari yanaendeshwa barabarani mpaka yanazima. 2020 walipeleka magari 20, wastani wa hasara ulikuwa asilimia 18.5. Kona ya 64 ilienda kilomita 405 wakati kitabuni ni 449. Sasa chukua AAA, chama cha madereva cha Marekani, 2019 walijaribu kwenye maabara kwenye baridi ya kama digrii 7 chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, wakapata umbali umepungua asilimia 41. Bila hita ilikuwa 12 tu. Umeona hapo? Betri yenyewe inapoteza kidogo, mla umeme mkubwa ni joto la ndani ya gari.

Na wewe kwa kazi yako ndiyo uko kwenye hali mbaya kuliko zote. Mtu anayeenda safari moja ndefu anapasha gari mara moja, baada ya hapo anaitunza tu. Wewe unaipasha mara nane kwa siku. Gari ikikaa dakika 45 kwenye digrii 25 chini, kioo kimeshaganda na viti vimekuwa jiwe, ukirudi unaanza upya. Hita ya kawaida inavuta kilowati 4 mpaka 5 mwanzoni. Piga hesabu, dakika 20 za mjini ni kama kilomita 10, gari kutembea inatumia karibu kWh 2, hita nayo imekula moja na nusu. Karibu sawa na magurudumu! Kwenye haiwei lile joto hilohilo ni sehemu ndogo tu ya matumizi.

kijana_wa_mvita
Naongezea kutoka Minneapolis. Leaf iache mamangu. Si gari mbaya, kwa Nairobi ama Mombasa ningesema chukua, lakini betri yake haina mfumo wa maji wa kuipasha na kuipoza, kuna kihita kidogo tu cha kuzuia isigande kabisa. Halafu chaja yake ya haraka ni ya plagi aina ya CHAdeMO ambayo vituo vipya vingi hawaweki tena. Ukifika Portage la Prairie njiani kwenda Brandon na betri baridi itachaji polepole sana na mdogo wako atangoja na chakula kipoe.

Mimi napigia kura Model 3 ya 2021, sababu ni moja, hiti pampu. Zile za kabla zilikuwa na hita ya waya tu. Na usikubali muuzaji akwambie mwaka kwa mdomo, angalia fremu za madirisha, ikiwa inang'aa krom hiyo ni ya zamani, ikiwa nyeusi ndiyo mpya, na buti inafunguka kwa umeme.

MtuWaGoma_Edm
Kaka Mvita heshima yako lakini kwa hiyo hiti pampu unamchanganya mama. Niko Edmonton miaka saba. Hiti pampu inachukua joto la nje inaliingiza ndani, sasa kwa digrii 30 chini hilo joto la nje ni la kutafuta. Kwenye sifuri ama digrii 5 chini inafanya kazi nzuri sana, unit moja ya umeme inakupa mbili ama zaidi za joto. Ikishuka chini ya 20 faida inaisha polepole mpaka unabaki karibu sawa na hita ya waya. Kwa hiyo itamsaidia Novemba, itamsaidia Machi, ila ile Januari yenyewe anayoiogopa, kidogo sana.

Mimi niko na Kona ya 64. Wiki ya baridi kali nikienda kazini na kurudi na madukani nahesabu kilomita 230 mpaka 250 kwa betri iliyojaa, sipangi zaidi ya hapo. Inanitosha. Mama akiichukua aulize hiyo gari kama iko na hita ya betri na hiti pampu, zinatofautiana kwa toleo.

kijana_wa_mvita
Sawa kaka nakubali kwa hiyo ya digrii 30. Lakini Novemba na Machi pia ni miezi, na huku kwetu baridi ya kawaida ni digrii 5 mpaka 12 chini, ile ya 30 ni siku chache tu. Mtu ananunua gari ya miaka, hanunui ya wiki mbili.

fundi_wa_oulu
Mmeacha kitu kikubwa. Mama ameandika mwishoni kabisa "soketi ya hita ya injini" na hapo ndipo jibu lilipo, kuliko hata jina la gari.

Betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri haipendi kuchajiwa. Majimaji ya ndani yanakuwa mazito, na ukilazimisha, lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafaiti (ile kaboni ya ndani ya betri inayoihifadhi) inajipaka juu yake kama utando wa chuma, na hiyo hairudi tena, umepoteza uwezo wa betri moja kwa moja. Ndiyo maana kompyuta ya gari inakataa kwanza, inatumia umeme unaoingia kupasha betri, ndipo inaanza kuchaji. Hata breki za kurudisha umeme zinazimwa au zinapunguzwa asubuhi, ukiachia pedali gari inateleza tu mbele, lijue hilo mapema kabla hujalikuta kwenye barafu.

Sasa ile soketi inatoa kama kilowati 1.4. Ukichomeka masaa kumi ya usiku ni kWh 14 kwa hesabu ya karatasi. Kwenye baridi kali sehemu nzuri ya hiyo inaishia kwenye kupasha betri, zinazobaki ndizo zinaingia. Wewe kwa kilomita 60 na vituo nane unaweza kula 18 mpaka 20 kwa siku. Unaona pengo? Kila siku unalala na deni. Na kuna parking nyingi huko Manitoba soketi zake zinawaka na kuzima zenyewe kwa zamu ili kuokoa umeme, kwa injini inatosha, kwa gari ya umeme umepata nusu.

Kwa hiyo kabla hujachagua gari, kajue soketi yako. Gari ya 64 iliyolala imechomekwa inashinda ya 80 iliyolala nje kavu.

mama_neema_wpg
Fundi asante sana, hili hakuna aliyewahi kuniambia. Leo jioni nikitoka shifti naenda kujaribu.

dadaZuhura
Kwa wanaofikiri mambo ya kupasha betri ni maneno tu, kumbukeni Chicago Januari 2024. Mimi nilikuwepo. Watu wamefika kwenye chaja za haraka na betri iliyoganda, gari inakaa kwenye chaja muda mrefu bila kupokea kitu cha maana, nyuma yake foleni, na wanaosubiri nao hita zinawala betri palepale. Nililia kwenye ile foleni, nilikuwa na mtoto wa miezi minne kiti cha nyuma. Toka siku ile naweka kituo cha chaja kwenye ramani ya gari nusu saa kabla, gari inapasha betri yenyewe njiani. Mama Neema hakikisha gari unayochukua inaweza hilo, maana si zote, na hilo ndilo litaamua safari yako ya Brandon.

Na washa kiti cha joto na usukani wa joto, hita ya hewa shusha. Kiti kinakula wati chache tu, hita inakula maelfu.

baharia_tromso
Zuhura pole sana dada. Huku mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yalikuwa ya umeme, na mambo yanaenda kwa sababu wengi wanachaji nyumbani na wanapasha gari ikiwa bado imechomekwa, kabla ya kutoka. Ukipasha dakika 20 kwa umeme wa ukutani, betri unaianza safari ikiwa imejaa.

Bolt hatujaijadili. Betri kubwa, nyingi zilibadilishiwa betri mpya kabisa kwenye lile zoezi la kuzirudisha kiwandani kwa hatari ya moto, kwa hiyo gari ya 2020 inaweza kuwa na betri changa, muulize muuzaji karatasi. Ila haina hiti pampu na chaja ya haraka mwisho wake ni kilowati 55 siku nzuri. Kwa mjini nzuri sana. Kwa Brandon na digrii 25 chini beba subira.

mama_neema_wpg
Nimerudi na majibu. Jana nilichukua taa ya mezani ya Neema nikaichomeka kwenye ile soketi, nikakaa ndani ya gari na blanketi nikiangalia saa. Ikawaka dakika 20. Ikazima. Nikahesabu dakika 20 nyingine, ikawaka tena. Saa nzima ni hivyohivyo. Kwa hiyo Fundi ulisema kweli, napata nusu, yaani kWh 7 kwa usiku mzima kabla hata betri haijapashwa.

Leo asubuhi nimeenda kwa meneja wa jengo. Amesema soketi za nje hazibadilishwi, lakini chini kuna gereji yenye joto na nafasi moja imebaki wazi toka Agosti, ina soketi ya kawaida ukutani isiyozima, naongezea kodi kidogo kwa mwezi.

MtuWaGoma_Edm
Mama chukua hiyo nafasi leo! Betri ikilala kwenye joto asubuhi unatoka kama mtu wa Septemba, na sehemu kubwa ya hiyo 14 ya usiku inaingia. Siku zako za kupumzika zitafunika deni linalobaki.

fundi_wa_oulu
Naunga mkono. Na kwa gereji hiyo Kona na Bolt zinakuwa sawa kwa kazi ya mjini, kinachobaki kuamua ni Brandon.

mama_neema_wpg
Nimeshalipia nafasi. Jumamosi naenda kuijaribu Kona, nitauliza hita ya betri na nitaomba waniache nizunguke nayo nusu saa, nizime, nisubiri dakika 45 nje, niwashe tena, kama ninavyofanya kazini. Namba nitakazoziona kwenye dashi nitaziandika hapa.