Misaada ya mafuriko inagawiwa kwa kujuana, orodha ibandikwe hadharani!

Wakuu habari zenu. Nimevumilia ila leo yamenifika shingoni. Nakaa huku bonde la Msimbazi hapa Dar, mvua zikichanganya sisi ndo wa kwanza kutoka na magodoro kichwani, halafu yakipungua maji yanakuja malori ya msaada mnayaona kwenye TV. Sasa wacha niwaambie kinachofuata kamera zikishaondoka.

Safari hii imekuja taasisi moja na unga, mchele, mafuta ya kula na mablanketi. Majina yakaandikwa na wajumbe kimya kimya, hakuna kikao wala tangazo, siku ya kugawa ndo unasikia watu wanaitwa. Na majina yenyewe sasa! Kuna baba mwenye nyumba za kupangisha kule juu barabarani, maji hayajawahi kumgusa, kapewa. Shemeji yake mjumbe anakaa kata nyingine kabisa, kapewa. Bibi jirani yangu, mguu unamsumbua, analea wajukuu alioachiwa na marehemu binti yake, maji yalimfika dirishani, jina hamna. Kuuliza anajibiwa "bibi huna namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mfumo umekukataa". Mfumo upi wakati tunaona wanaandika kwa peni kwenye kaunta buku?

Hao walioitwa nao wamekalishwa juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi, kafika saa nane, ndo wanaanza kushikishwa mfuko wa unga mmoja mmoja wapigwe picha. Mama mmoja kajifunika uso na khanga anaambiwa afunue, hatokei vizuri. Jamani, mtu nyumba yake ikiingia maji ndo hana tena haki ya kujisitiri? Na jioni yake unga ule ule, mfuko una nembo ya taasisi, tumeukuta dukani unauzwa!

Na asiniambie mtu kwamba kuwapata wahitaji wa kweli ni kazi ngumu. TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na lawama zake zote, kwenye ule mpango wa kunusuru kaya maskini utaratibu ni majina kupita kwenye mkutano wa hadhara, wananchi wenyewe wanasema huyu kweli hana kitu, huyu anajiweza mtoeni. Mbele ya majirani wanaokujua unavyoamka na unavyolala utaanzia wapi kudanganya? Hawa wa misaada wanaingia ofisini, wanapewa karatasi imeshagongwa muhuri, wanaamini, wanaenda kugawa, mfadhili anatumiwa picha basi kazi imeisha. Na bonde hili halijaanza kufurika jana, Desemba 2011 watu walikufa na wengine wakahamishiwa Mabwepande, miaka yote hiyo mtaa unashindwaje kuwa na rejista ya nani anakaa bondeni na nani hakai??

Wenye nia ya kusaidia kwa kweli Mungu awabariki, shida yangu sio nyie. Ila kabla hamjashusha hata kiroba kimoja daini orodha ibandikwe ukutani pale ofisi ya mtaa siku kadhaa kabla, tuisome, tupinge. Na kwa wasio na NIDA majirani wawadhamini.

Mwenye kujua malalamiko kama haya yanapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au moja kwa moja manispaa aniambie hapa, bibi yule bado hana unga ndani.