Mtoto ana degedege, wao wanapima noti kwenye taa

Wacha niandike nikiwa bado na hasira. Nikipoa nitaanza kuwatafutia sababu.

Jumamosi usiku, hapa Lubumbashi, mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na degedege. Homa ilianza mchana, tukadhani itashuka. Saa tatu macho yakageuka juu, meno yakakazana. Tukapanda pikipiki, mtoto katikati yangu na mama yake, toka mtaa wa Katuba mpaka urijansi, yaani sehemu ya dharura, ya hospitali moja ya serikali. Jina naliacha, wenye kupita pale wataijua tu.

Muganga wa zamu, yaani nesi, hakuinua hata kichwa. "Papa, mulipe kwanza fishi na kosyo." Fishi ni karatasi ya kumwandikisha mgonjwa, na hiyo kosyo ni dhamana, dola 50 mezani kabla mtu hajamgusa mgonjwa. Nilikuwa nazo, noti mbili za 20 na moja ya 10. Mama wa dirishani akaiinua moja kwenye taa, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni polepole. Pamechanika, padogo kama punje ya mchele. "Hii haipiti, papa. Leta ingine."

Mnaujua ugonjwa wetu wa dola. Noti ambayo Mmarekani aliyeichapa angeipokea bila neno, kwetu inageuka karatasi. Lakini usiku ule, mtoto anatoka povu? Nikamwomba ashike hizo 30, nyingine italetwa. Hapana. Nitume kwa simu? Hapana. Nikampigia mdogo wangu kule mtaa wa Ruashi, na mnajua usafiri wa Ruashi usiku.

Muda wote huo mama yake alikuwa kwenye benchi anampepea mtoto na kitambaa cha kichwani. Hakuna aliyempima homa. Hakuna aliyemtoboa kidole kuangalia malaria. Kando yetu baba mmoja, kidole cha mguu kimefungwa bandeji, alishuka kwenye jeep akapitishwa moja kwa moja.

Msiniambie habari ya vifaa. Kujua nani aanze hakuhitaji mashine: anapumua vipi, mikono ni baridi, ana degedege, amezimia? Haichukui dakika moja, na mtoto mwenye degedege hatakiwi kupanga foleni yoyote. Waganga wamefundishwa hayo. Malaria kali hudungwa sindano ya artesunate papo hapo, kisha tena baada ya saa 12 na saa 24. Sasa hiyo ya kwanza inahesabiwa toka lini? Toka umefika, au toka noti imekubaliwa?

Mdogo wangu alifika karibu saa sita. Tukapewa fishi, halafu karatasi: glavu, sindano, katetera (mpira wa mshipani), seramu (maji ya dripu). Vyote vikanunuliwe famasia ng'ambo ya barabara. Dokta alimwona mtoto saa saba na dakika ishirini. Alikuwa peke yake usiku mzima, mtu mpole, macho mekundu. Kwake dakika kumi zilitosha. Saa nne za kungoja, dakika kumi za kazi!

Najua mtakalojibu. Waganga wengi wa serikali hawalipwi inavyopasa, wanagawana kile kinachoingia dirishani, na mgonjwa akitoroka bila kulipa ni wao wanaoumia. Ni kweli, na wakubwa wetu wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Katiba ya Kongo nayo, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Lakini yule mama wa dirishani hakuzuiwa na bajeti kuita mtu aje kumtazama mtoto wakati mimi natafuta pesa.

Mtoto anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nyinyi wa mitaa mingine ya Lubumbashi, Kenya, Kampemba, Kamalondo, mlingoja saa ngapi?

Ile 20 iliyokataliwa niliipeleka asubuhi kwa kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani. Akaichukua bila kuitazama mara mbili, akakata dola mbili.