Tupeane uzoefu: kuunganisha vyombo na kupanga geini kwenye miksa ndogo

Mwanzisha mada (Morogoro)

Ndugu zangu, naomba tukusanye mahali pamoja yale yaliyotukuta sisi wenyewe tulipokuwa tunaunganisha vyombo kwenye miksa ndogo (mitambo ya kuchanganya sauti), hizi za chaneli, yaani njia za sauti, 8 hadi 12 ambazo kwaya nyingi na bendi za harusi huzimudu. Sitafuti bei wala mashindano ya aina za vifaa. Natafuta kisa chenyewe: uliunganisha nini, kikatoa sauti ya namna gani, na hatimaye ulibadilisha kitu gani. Nitaanza na changu.

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa fundi mitambo wa kwaya, na kila Jumapili kinanda kilikuwa kinakwaruza pale mpigaji alipofika kwenye kiitikio. Nilikuwa nashusha feda ya chaneli yake, yaani kile kitelezi cha kupunguza na kuongeza sauti inayotoka, sauti inapungua, lakini mkwaruzo unabaki, ila sasa unasikika kwa mbali. Nikaamini kwamba spika imechoka. Ilipelekwa kwa fundi mara mbili, na mara ya pili ikabadilishwa karatasi yake yote kwa fedha za mfuko wa kwaya, jambo linaloniuma mpaka leo kwa sababu spika haikuwa na kosa lolote.

Aliyenionyesha ni mzee mmoja aliyekuja na kwaya ya wageni. Hakugusa spika. Alivaa hedifoni, akabonyeza kitufe cha PFL (cha kusikiliza na kupima chaneli moja kabla ya feda) kwenye chaneli ya kinanda, kisha akaniambia nitazame taa nyekundu, ile ya kuonya kwamba sauti imezidi, iliyo jirani na nobu ya geini, yaani ile inayokuza sauti pale inapoingia kwenye miksa: ilikuwa inawaka kila akodi ilipopigwa. Nobu yenyewe ilikuwa imezungushwa zaidi ya nusu, kwa kuwa wiki iliyotangulia chaneli ile ilikuwa na maiki, nami nilichomoa maiki nikachomeka kinanda bila kuirudisha chini. Maiki ya mwimbaji hutoa milivolti chache tu, ilhali kinanda kilichofunguliwa sauti huweza kufika karibu na volti 1, kwa hiyo kipimo kilichoifaa maiki kilikuwa kinakipasua kinanda pale pale kinapoingia. Sauti ikishapasuka mlangoni, feda huipunguza tu hivyo hivyo ilivyopasuka.

Tangu siku hiyo mwendo wangu ni mmoja. Nashusha feda zote, narudisha geini chini kabisa, ndipo nachomeka waya. Namwomba mpigaji apige kwa nguvu ile ile atakayoitumia kwenye kiitikio, na siyo ile ya kujaribu vidole. Nabonyeza PFL, napandisha geini polepole huku macho yakiwa kwenye mita ya kupimia sauti, mpaka sauti ya kawaida ikae karibu na 0 na vilele vyake viruke desibeli chache juu ya hapo bila kuiamsha taa nyekundu. Ndipo naiachia PFL, naweka feda kwenye alama yake ya 0, na mwisho kabisa nafungua feda kuu. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Unguja

Assalaam alaykum. Mimi ni mpiga udi, na kisa changu ni cha sauti nyembamba, wala si ya kukwaruza.

Udi wangu una kinasa mtetemo kilichobandikwa ndani, chini ya ubao wa uso. Nilipokinunua nilikiunganisha moja kwa moja kwenye tundu la jeki la miksa kwa waya wa mita 6. Kilichotoka hakikuwa udi. Nyuzi nene, ambazo ndizo zinazobeba uzito wa wimbo, hazikusikika, na nyuzi nyembamba zililia kama debe linalogongwa kwa kijiti. Fundi wetu akaongeza geini, na kilichoongezeka ni mvumo kama wa mvua ya mbali. Akaongeza besi, udi ukawa unabweka. Tulipiga usiku mzima namna hiyo, na wazee waliokaa mbele waliniuliza kwa upole kama udi wangu umepasuka.

Baadaye nilikuja kuelewa. Kinasa cha aina hii kina nguvu ndogo sana na kinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, wa ohmu milioni 1 au zaidi. Tundu hilo la jeki, yaani la laini, kwenye miksa ndogo kwa kawaida lina ohmu elfu 10 hadi elfu 20 tu, na tofauti hiyo ndiyo inayozila noti za chini zisifike popote. Nilitafuta kiboksi cha DI (kiboksi cha kati cha kuunganishia chombo na tundu la maiki) kinachotumia umeme, ambacho upande wa kuingizia kina ukinzani huo mkubwa na upande wa kutolea kinaingia kwenye tundu la maiki. Siku ya kwanza kukitumia nilipiga uzi wa chini peke yake, nikauacha ulie mpaka uishe wenyewe, na nilikaribia kutoa machozi.

Naongeza na hili, kwa sababu linahusu kundi zima. Katika taarabu tunakaa pamoja udi, kanuni, fidla, kodiani na dumbaki, na kila kimoja kina kimo chake cha sauti. Fundi wetu alikuwa anapanga geini wakati tunasawazisha nyuzi, yaani wakati kila mmoja anagusa kwa upole, kisha ikiingia bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, tunapiga sote kwa pamoja na taa nyekundu zinawaka kuanzia chaneli ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa kabla hajagusa nobu hata moja tunampigia kile kipande cha bashrafu chenye nguvu kuliko vyote, mara tatu au nne, mpaka aridhike. Nobu zake zikimaliza haziko kwenye mstari mmoja hata kidogo, ya udi iko juu na ya kodiani iko chini, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu yangu wa Unguja, umenigusa. Langu lilitokea harusini, tena wakati bibi harusi anaingia, na lilinitia haya mbele ya watu wengi.

Wimbo ulikuwa kwenye simu. Nilikuwa na waya wenye jeki ndogo ya simu upande mmoja na kichwa cha pini tatu upande wa pili, nikaona unatosha, nikauchomeka kwenye tundu la maiki. Muziki ulitoka, lakini mwimbaji hakuwapo. Ala zilisikika, zile za pembeni hasa, na mahali pa mwimbaji palikuwa na mwangwi mtupu, kama mtu anayeimba chooni nyumba ya jirani. Ngoma kubwa nayo ilikuwa imepotea. Nilidhani wimbo umeharibika kwenye simu, nikaufungua mwingine, nao ukawa vivyo hivyo. Mama wa bibi harusi alinitazama tazamo ambalo sitalisahau.

Sababu yake ni hii, na naomba anayesoma aishike. Tundu la pini tatu hupokea nyaya mbili za sauti na kuchukua tofauti iliyopo kati yake. Ndivyo linavyofuta makelele yanayoingia njiani, kwa kuwa makelele hufika sawa kwenye nyaya zote mbili. Simu nayo hutoa nyaya mbili, kushoto na kulia, na mwimbaji kwa kawaida amewekwa katikati, maana yake yuko sawa pande zote mbili. Basi miksa ikamchukulia mwimbaji kama kelele na kumfuta, ikaacha yale tu yanayotofautiana kushoto na kulia.

Tangu hapo natembea na waya unaogawanyika: jeki ndogo moja kwa simu, jeki kubwa mbili kwa chaneli ya stirio ya miksa. Kama miksa ina swichi ya +4 na -10, ile ya kuchagua kiwango cha sauti inayoingia, simu na kompyuta naziweka kwenye -10, kwa sababu nguvu yake ni ndogo kuliko ya vifaa vya kitaalamu. Sauti ya simu naifungua karibu yote, kisha ndipo naigusa geini.

Mwanzisha mada (Morogoro)

Ahsante sana, ndugu. Jambo hilo la mwimbaji kupotea limewahi kunitokea kwenye mazoezi na sikupata jibu lake mpaka nilipokusoma hivi sasa. Kuna mwenye kisa cha mngurumo?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ninacho, pamoja na kingine cha umeme wa volti 48.

Kanisani kwetu kinanda kilichomekwa kwenye soketi ya ukuta wa madhabahu na miksa kwenye soketi ya nyuma ya ukumbi. Mara tu waya wa sauti ulipounganishwa, spika zilianza kunguruma mfululizo kwa sauti nzito isiyobadilika, ambayo ndiyo mzunguko wa umeme wetu wa hezi 50 pamoja na zile zinazouzidi maradufu. Kijana mmoja mwenye nia njema alitaka kung'oa pini ya ethi (ya waya wa ardhini) kwenye plagi ya kinanda, na kweli mngurumo ungeisha, lakini pini ile ndiyo inayomlinda mpigaji umeme ukivuja kwenye chuma. Nilimzuia, na nawaomba nyote mzuie mtu yeyote anayetaka kufanya hivyo. Tuliweka kiboksi cha DI kati ya kinanda na miksa, tukabonyeza swichi yake ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti tu, na ukumbi ukanyamaza. Siku nyingine tulipata kimya kile kile kwa kuvuta waya wa umeme tu, vifaa vyote viwili vikachukua umeme kwenye soketi moja.

Kuhusu volti 48: maiki zetu mbili za kwaya, zile ndogo za kondensa, zilikuwa kimya kabisa siku ya kwanza, na tulikuwa karibu kuzirudisha dukani. Hazikuwa mbovu, zilikuwa zinahitaji umeme kutoka kwenye miksa. Nilibonyeza swichi ya 48V huku feda kuu ikiwa wazi, na mlio uliotoka kwenye spika uliwafanya akina mama wainame. Siku hizi nashusha feda kuu kwanza, nabonyeza, nasubiri kidogo, ndipo nafungua. Tena kwenye miksa yetu swichi ni moja kwa matundu yote ya maiki, kwa hiyo sikubali kinanda kiunganishwe kwenye tundu la pini tatu kwa waya wa kuungaunga, kwa sababu umeme huo unaweza kurudi ndani ya kinanda na kukidhuru. Kinanda kinaingia kwenye jeki.

Mchangiaji mgeni (Arusha)

Shikamooni, wakubwa zangu. Mimi ndiyo naanza, na nimepewa mitambo ya kwaya ya vijana. Nikishapanga geini vizuri wakati wa mazoezi, kisha ibada ikaanza na waimbaji wakachangamka, je, niiguse geini tena au niiache?

Mwanzisha mada (Morogoro)

Marahaba. Ukiona taa nyekundu inawaka, ishushe mara moja, kidogo kidogo. Isipowaka, iache, tumia feda. Mimi niliwahi kuongeza geini ya mwimbaji katikati ya wimbo kwa sababu ukumbi ulikuwa haumsikii, nikasahau kwamba spika iliyo miguuni pake inachukua sauti kabla ya feda, hivyo nayo iliongezeka kwa kiasi kile kile. Maiki ikaanza kupiga mluzi mkali, mwimbaji akaisogeza mbali na mdomo, nami kwa kudhani amepoa nikaongeza tena. Geini inagusa kila kinachotoka kwenye chaneli ile: ukumbi, spika ya mwimbaji, hata rekodi kama unarekodi. Feda inagusa ukumbi tu, ikiwa spika za waimbaji zimepangwa hivyo. Kwa hiyo ukiwa mazoezini jiachie nafasi ya kutosha juu, maana vijana wakishaona watu wamesimama huongeza sauti kuliko walivyokuahidi.

Mchangiaji kutoka Unguja

Na umwombe kila mmoja akuimbie ubeti wa mwisho badala ya ule wa kwanza. Wa kwanza hauonyeshi nguvu zake.

Mchangiaji mgeni (Arusha)

Nimerudi kutoa taarifa ya Jumapili, wakubwa zangu. Nilikuwa na maiki tatu, gitaa la besi kupitia kiboksi cha DI, kinanda kwenye jeki mbili za chaneli ya stirio, na simu ya kuchezesha muziki wa matangazo. Nilifika saa 1 asubuhi, nikashusha kila kitu, nikaanza na besi. Mpigaji alipiga kwa upole, mita ikakaa karibu na 0, nikamwomba apige kama kwenye pambio la mwisho, ikaruka mpaka nyekundu, nikarudisha geini chini karibu robo ya mzunguko. Kwenye simu nilikuwa na waya wa kugawanyika kama alivyoelekeza mkuu wa Mombasa, na mwimbaji alisikika. Taa nyekundu iliwaka mara moja tu, kwenye maiki ya dada anayeongoza pambio, aliposogea karibu sana na kuinua sauti. Nilishusha geini yake kidogo, naye baada ya ibada akaniuliza mbona spika yake ilipoa ghafla pale katikati. Nimemwahidi kwamba Alhamisi kwenye mazoezi tutaanza na yeye, na ataniimbia ubeti wa mwisho.