Mama mkwe wa Kikorea na mama mkwe wa Kihindi, nani kiboko zaidi?

BintiNgamiani:
Wadau habari za jioni. Leo nawaletea ubishi wa nyumbani kwetu, umetushinda. Mi mtu wa sirio za Kikorea, dada angu mtu wa sirio za Kihindi, bibi yetu yeye ni mtu wa chochote kinachowaka kwenye TV ilimradi kuna mtu anagombana na mtu. Sasa juzi umeme uliporudi nikachomeka flashi nikaweka Boys Over Flowers, ile ya 2009, nairudia kila mwaka msinicheke. Tukafika pale mama yake Gu Jun-pyo, yule Kang Hee-soo mwenye kampuni ya Shinhwa, anaingia kwa kina Jan-di na mavazi yake ya bei mbaya, anawatolea hela ili binti yao aachane na mwanawe. Mama Jan-di akabeba chumvi akammwagia kichwani. Chumvi jamani! Wakorea ndo wanafukuzia nuksi hiyo. Bibi alikuwa anapeta mchele, ungo ukasimama hewani, akasema "kumbe na wao wanaijua chumvi", af akacheka mpaka akakohoa.

Dada akasema huyo mama si lolote, mama mkwe wa kweli yuko India. Toka hapo hatulali. Nawauliza nyie mliotazama pande zote, ungeambiwa uchague mmoja uolewe kwake ungeenda wapi? Mi naona wa Kikorea ndo hatari zaidi maana anakumaliza kabla hujaingia hata mlangoni. Wa Kihindi anakutesa ila tayari ushakuwa mke wa mtu.

MzeeWaRimoti:
Wa Kikorea hana mpya huyo. Mgahawa, miwani nyeusi, bahasha, glasi ya maji usoni, kaondoka. Mi nikiona tu glasi ya maji imewekwa mezani na mama kavaa hereni za lulu najua kuna mtu analowa. Af sio kila mara ni mama, kwenye The Heirs anayemuandama Eun-sang ni baba wa mpenzi wake Kim Tan, mama yule wa kumzaa, kwanza mwenyewe anaishi kwa kujificha ndani ya nyumba hiyohiyo.

Shemeji_Mapenzi:
Jun-pyo simtaki mwenyewe na mama yake pia, mi nilimtaka rafiki yake, Ji-hoo. Stelingi wa pili siku zote ndo mume bora ila waandishi hawaoni. Anapiga fidla, ana pikipiki nyeupe, hapigi kelele, mtu anamuacha anaenda kwa yule mwenye nywele kama tambi?? Sijasamehe mpaka leo.

BintiNgamiani:
@Shemeji_Mapenzi mada ni mama mkwe dada, Ji-hoo mfungulie uzi wake 😂

MkeWaAhem:
Nimengoja muda mrefu mtu aulize hili swali. Mnaosema wa Kihindi ana nafuu hamjamjua Kokila Modi. Saath Nibhaana Saathiya ilianza Star Plus 2010 ikaenda mpaka 2017, miaka saba mtu anakaa na mkwe mmoja. Gopi wa watu hajasoma, hajui hata kuandika, kaolewa kwa matajiri, akaona kompyuta ya mumewe chafu akaiosha. Na sabuni. Na maji. Af akaianika kwenye kamba na nguo zingine!! Mi pale sikucheka, nililia, maana nilijua Kokila akiingia tu kamera itamvuta uso mara tatu, radi ipige ndani ya nyumba na mvua hakuna.

Na ile ya jiko la presha je? Binamu yake Rashi katoa dengu zote ndani kaliacha tupu kalibandika motoni ili Gopi aonekane mjinga, Kokila anawasimamisha mstari kama polisi anauliza jikoni alikuwa nani. Jikoni alikuwa nani! Dengu tu jamani. 2020 kijana mmoja wa India akaligeuza hilo swali wimbo dunia nzima ikaimba, watu wamefungiwa ndani na korona wanaulizana jikoni alikuwa nani.

Ila sasa hapa ndo BintiNgamiani unakosea. Kokila huyohuyo baadae ndo aliyemfanya Gopi mwanawe kabisa, ukimgusa Gopi umemgusa yeye. Mama mkwe wa Kihindi anageuka, anakuchapa kwa maneno leo kesho anakulinda. Wa Kikorea yule wa kwako aligeuka lini?

kibandaumiza:
Anageuka kwa sababu sirio haiishi nyie. Korea wanatoa epi mbili kwa wiki, kumi na sita au ishirini na kitu kwaheri, mama anatakiwa amalize ubaya wake kabla ya epi ya mwisho. India wanarusha karibu kila siku, ile Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilienda 2000 mpaka 2008 epi zaidi ya 1800, sasa epi 1800 mtu awe mbaya tu atachoka hata yeye. Lazima awe mzuri kidogo, apoteze fahamu, arudi, awe mbaya tena. Mle Mihir alikufa, watu wakalalamika, wakamfufua. Stelingi hafi bwana.

Mi nachukia ya Kikorea kusahau. Jun-pyo kagongwa na gari kasahau mtu MMOJA tu duniani, Jan-di. Mama anamkumbuka, marafiki anawakumbuka, bei ya viatu anaikumbuka. Mpaka binti wa watu ajitumbukize bwawani ndo kichwa kifunguke. Nilirusha rimoti.

MzeeWaRimoti:
Rimoti hatutupi humu, ona jina langu.

Kusahau nawasamehe. Nisichosamehe ni alama ya uso. Kuna ile Temptation of Wife ya 2008, mke kafanyiwa unyama na mumewe watu wanajua kafa, anarudi kajichora kidoti cheusi chini ya jicho, KIDOTI TU, mume hamjui, wakwe hawamjui, anamuoa upya!! Mimi mke wangu akibadilisha mtindo wa kusuka tu watoto wanajua kabla hajafika getini.

MkeWaAhem:
Hiyo afadhali, kwenye Sasural Simar Ka mke kageuzwa nzi. Nzi kabisa mwenye mbawa, anazunguka nyumba ya wakwe zake. Nakubali hapo wetu walizidi 🙈

Mama_Pacha_Mbagala:
Mmewasahau Wachina jamani mbona mnanisikitisha. Mnamkumbuka Mao Doudou na mama wakwe zake? TBC 2011, wanaongea Kiswahili, mtaani kwetu saa ya Doudou sufuria zinaungua. Baba mkwe kaachana na mke kaoa mwingine kwa hiyo bibie kaolewa mara moja kapata mama wakwe wawili, na wote wanataka kuamkiwa wa kwanza. Ilikuwa kubwa mpaka Rais wa China Xi Jinping alivyokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake.

Nilichopenda mle ni kwamba hakuna sumu, hakuna kampuni, hakuna radi. Ugomvi ni nani anakuja kula wapi, nani kamnunulia nani nini, mtoto wa kiume anakaa katikati anameza mate. Doudou anajishusha lakini sio mjinga, anaongea na huyu, anarudi kwa yule, anamaliza. Mi niko kwenye ndoa mwaka wa kumi na nne, mama mkwe wangu hajawahi kunipa bahasha wala kunimwagia maji, ila akija anafungua friji anaangalia af anaifunga bila kusema kitu. Hiyo ya friji Mkorea hajaiweka kwenye sizoni yoyote.

BintiNgamiani:
Anaifunga bila kusema kitu 😭😭 hiyo ni mbaya kuliko glasi ya maji

OtisWaPipeline:
Niaje watu wa TZ, acheni niingilie. Huku Kenya sisi tulilelewa na Wafilipino. The Promise, ile ya Angelo na Yna, mtaa mzima ulikuwa unaingia kwa nyumba moja iko na TV. Sasa mle mambo yalianza kitambo, Amor alikuwa mfanyakazi wa nyumba kwa akina Buenavista, kijana wa nyumba akampenda, mama yake kijana akakataa kabisa akawatenganisha. Unajua Amor alifanya nini? Alienda majuu akatajirika akarudi kama Amor Powers, mdosi, kuwamaliza mmoja mmoja. Hiyo ndio tofauti. Mkorea anakufukuza unaenda kulia kwa kituo cha basi kwa mvua. Mfilipino ukimfukuza mbooch, yaani mfanyakazi wa nyumba, chunga sana, atarudi na suti ananunua kampuni yako. Mamangu alikuwa anafanyia watu kazi za nyumba Nairobi miaka hiyo, Amor Powers akiingia kwa screen alikuwa anasimama kabisa, anapiga makofi.

Kipepeo1990:
Na Sultan, ile ya Kituruki ya Azam? Valide Sultan, mama yake Sultan, alivyokuwa anamtazama mkamwana wake Hürrem unaona kabisa macho yanasema "wewe kijakazi". Na mke mwenzie Mahidevran anapewa kiti. Mama mkwe wa Kituruki kura yangu.

kibandaumiza:
Humu tunaongelea mama wakwe wa Asia, Uturuki Asia lini

Kipepeo1990:
Istanbul sehemu yake iko Asia kasome ramani

kibandaumiza:
Ikulu ya Sultan iko upande wa Ulaya hiyo sehemu nyingine haikuigiza

Kipepeo1990:
Eti haikuigiza 😂😂 haya nimeshindwa

Asha_Muscat:
Niko Oman mwaka wa sita, huku sirio za Kihindi zinakuja kwa Kiarabu na madam wangu hakosi. Mwanzo nilikuwa sielewi neno ila mama mkwe wa Kihindi hahitaji lugha, unaangalia mkono wake tu unaenda kwenye zile funguo alizofunga kiunoni. Akizigusa ujue kuna mtu kafanya kosa. Akimpa mkamwana funguo hapo sisi wote sebuleni kimya, madam anafuta machozi na mtandio. Nakubaliana na MkeWaAhem. Yule anapigania jiko lake, kaingia nyumba ile akiwa binti kateswa na mkwe wake, sasa zamu yake imefika unamletea msichana anayeosha kompyuta.

BintiNgamiani:
Asha umenigusa na hiyo ya funguo. Ngoja nirudi kidogo maana naona mnanizidi nguvu.

Nimewaza usiku. Mnasema mama wa Kihindi anageuka, sawa. Lakini angalieni wanacholinda. Wa Kihindi analinda jiko na funguo, vitu ambavyo mwisho wa siku lazima ampe mkamwana, hana wa kumpa mwingine, kwa hiyo hata akikaza vipi ugomvi una mwisho. Wa Kikorea analinda kampuni. Kampuni anataka aiunganishe na kampuni nyingine kwa ndoa, wewe binti wa mwenye duka la kufulia hata uoshe vyombo miaka hamsini hakuna siku utafaa, kwa sababu tatizo sio tabia yako. Kokila alikuwa anamtaka Gopi awe mkamwana mzuri. Kang Hee-soo hataki Jan-di awepo.

Na kama mnabisha kumbukeni alichomfanyia mumewe. Mumewe! Yuko kwenye koma, yeye kawatangazia watu kafa, mpaka mtoto wake mwenyewe anajua baba hayupo, kumbe mzee kalazwa kafichwa na Jan-di ndo anaenda kumsomea vitabu bila kujua anamsomea baba wa nani. Kokila wenu na dengu zake angeweza hilo?

MkeWaAhem:
Mzee wa watu hai katangaziwa kifo, hapana, hapo umenipata. Kokila asingeweza, angekesha hospitali na sinia la ubani. Ila bado ningeolewa kwa Kokila kuliko huko.

BintiNgamiani:
Si ndo nilichosema mwanzo!! Mi nimeuliza nani hatari

MkeWaAhem:
Umeuliza tungeenda kwa nani

MzeeWaRimoti:
Kauliza vyote viwili, ndo maana kwao hawalali.

Shemeji_Mapenzi:
Kwa Ji-hoo hakuna mama mkwe kabisa, wazazi walifariki kwenye ajali akiwa mdogo, kabaki na babu mwenye zahanati. BABU MPOLE. Nawaacha na hilo.

Mama_Pacha_Mbagala:
😳 huyu dada tumemfukuza mwanzo kumbe ndo mwenye akili

OtisWaPipeline:
Wueh. Jan-di alichezwa.

kibandaumiza:
Sasa wakuu kuna mtu ana Doudou nzima ya Kiswahili kwenye flashi? Nalipia. Sio zile zilizokatwa nusu za mtandaoni, niliwahi kuuziwa moja na jamaa wa muvi nikafungua nyumbani nikakuta harusi ya mtu.

Mama_Pacha_Mbagala:
Sina mwanangu, nami natafuta.

BintiNgamiani:
Mrejesho. Nimemsomea bibi uzi wote kuanzia juu mpaka hapa, kasikiliza kimya, kwenye friji ya Mama Pacha akaguna tu, nikajua nishaharibu kitu maana nimemkumbuka marehemu babu alikuwa na dada zake. Nikamuuliza sasa bibi wewe unampa nani kura. Akasema ngoja kwanza, yule wa chumvi, ile hela aliyokuja nayo ilikuwa shilingi ngapi? Nikamwambia bibi sio shilingi ni za Kikorea, ni milioni nyingi. Kanyamaza muda. Af anasema, "Na chumvi walimmwagia kabla ya kuipokea au baada?"